Baada ya Semina: Mwalimu na Elimu ya Chakula na Afya Kisumu Ndogo

Elimu ya chakula na afya shuleni ni mafundisho yanayomwezesha mtoto kuelewa anachokula, maji anayokunywa na usafi wa mwili wake, kisha kuyageuza maarifa hayo yawe mazoea. Na kwa kuwa mazoea hayo hutendeka nyumbani, dukani na kando ya karai la viazi zaidi kuliko darasani, mwalimu anayeyafundisha hana budi kuijua hali ya mtaa sawasawa na anavyokijua kitabu chake. Kisumu Ndogo, mtaa wa makazi yaliyobanana ndani ya mji wa Malindi, katika Kaunti ya Kilifi, unalidhihirisha jambo hili waziwazi, kwa sababu Wagiriama waliotoka mashambani, Waswahili wa mjini, Wajaluo, Waluhya na Wakamba waliofuata kazi za hoteli na ujenzi huishi humo ukuta kwa ukuta, na watoto wao huketi dawati moja. Yanayoelezwa hapa yametokana na kumbukumbu za mwandishi za kufundisha madarasa ya chini mtaani humo, na baadaye kushiriki kuwaandaa walimu wa Malindi na Kilifi kwa kazi hiyo. Na hoja inayoyaunganisha ni kwamba mwalimu hukwama katika somo hili kwa kuachwa peke yake mara semina inapokwisha, wala hakwami kwa kukosa maarifa ya lishe.

Uzito wa jambo lenyewe hauhitaji kutiwa chumvi. Utafiti wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya uliofanywa Kenya mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 37 ya watoto wa chini ya miaka mitano katika Kaunti ya Kilifi walikuwa na udumavu, yaani ufupi wa kimo usiolingana na umri, unaosababishwa na lishe duni na maradhi ya mara kwa mara kwa muda mrefu, ilhali kiwango cha nchi nzima kilikuwa asilimia 18. Hakuna kaunti nyingine kati ya zote 47 iliyofikia kiwango hicho cha Kilifi. Utafiti kama huo wa mwaka 2014 ulikuwa umeonyesha asilimia 39 kwa Kilifi na 26 kwa taifa, maana yake ni kwamba katika miaka minane nchi ilisonga mbele na kaunti hii ikasalia karibu pale pale. Ni kweli kwamba udumavu hujengeka hasa katika siku 1,000 za kwanza, tangu mimba kutungwa hadi mtoto kutimiza miaka miwili, na kwamba mwanafunzi anayeingia gredi ya kwanza ameshaupita muda huo. Wapo wanaoushika ukweli huu na kudai kwamba shule imechelewa. Dai hilo halisimami Kisumu Ndogo, ambako msichana wa gredi ya tano ndiye anayemkorogea mdogo wake uji mama anapokwenda kufua nguo za watu, na ambako msichana huyo huyo, baada ya miaka michache, atakuwa na mwana wake mwenyewe. Zaidi ya hayo, upungufu wa damu na minyoo ya tumbo humfanya mtoto asinzie mbele ya ubao hata kama kimo chake hakina kasoro, na hilo mwalimu huliona kabla ya daktari.

Serikali haijawahi kulisahau suala hili kabisa. Mwaka 1979 Rais Daniel arap Moi alianzisha Maziwa ya Nyayo, yaliyogawiwa bure katika shule za msingi, na ambayo watu wazima wengi wa leo wanayakumbuka kwa mapenzi makubwa. Mwaka 1980 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likaanza kuisaidia Kenya kuwalisha wanafunzi wa maeneo kame. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulileta sayansi kimu, somo la upishi, usafi na malezi ya nyumba, hadi mapitio ya mtaala ya mwaka 2002 yalipopunguza masomo na kuyafinya mambo hayo ndani ya sayansi. Mwaka uliofuata elimu ya msingi ikawa bila malipo na madarasa yakafurika. Mpango wa chakula cha shule kinachonunuliwa humu humu nchini ulianza mwaka 2009, na kufikia mwaka 2018 serikali ilikuwa imelipokea jukumu lote la kuwalisha wanafunzi kutoka kwa shirika hilo. Kisha mtaala wa umilisi, unaosisitiza kile mtoto anachoweza kutenda, ulipoenezwa nchini mwaka 2019, gredi tatu za mwanzo zilipewa shughuli za usafi na lishe, ambazo baadaye, katika juhudi za kupunguza wingi wa masomo, ziliunganishwa na shughuli za mazingira, huku gredi za juu zikipata somo la kilimo na lishe. Kila badiliko lilikuwa na sababu zake, lakini katika yote hayo mwalimu wa darasani ndiye aliyekuwa wa mwisho kuambiwa na wa kwanza kuulizwa matokeo.

Namna mabadiliko hayo yanavyomfikia mwalimu inajulikana kwa kila aliyewahi kushika chaki. Barua hufika kwa mwalimu mkuu, walimu wawili huchaguliwa kwenda semina mjini, hupewa kalamu, daftari na chakula cha mchana, husikiliza mihadhara juu ya virutubishi, yaani vile viini vya chakula vinavyoujenga, kuutia nguvu na kuulinda mwili, kisha hurudi na chati ya karatasi inayong'aa ya kubandikwa ukutani. Baada ya hapo hakuna anayekuja kuuliza kama chati ilitumika. Chati zilizopata kubandikwa katika madarasa ya Kisumu Ndogo zilikuwa na picha za tufaha, jibini, nyama nono na bilauri ya maziwa, na watoto walizisoma vizuri, wakazikariri, wakazijibu katika mtihani, bila hata mmoja wao kudhani kwamba zinahusu chakula cha kwao. Walichokijua ni mahamri na mbaazi za nazi asubuhi pesa zikiwepo, chai ya rangi zisipokuwepo, sima kwa mchicha au mnavu, omena kwa waliotoka ziwani, vibua na dagaa kwa wa pwani, muhogo wa kuchemsha, kachiri, mabuyu ya rangi nyekundu, na embe bichi la chumvi na pilipili.

Kazi ya kuwasaidia walimu ilianza kuzaa matunda pale chati iliposhushwa na mahali pake pakawekwa soko. Walimu waliombwa kwanza waandike vyakula vinavyouzwa umbali wa kutembea kutoka shuleni, bei yake kwa kipimo ambacho mama wa nyumba hununulia, kama fungu, kikombe au kipande, na msimu wake. Na kutokana na orodha hiyo wakajenga upya somo la mlo kamili. Ilibainika haraka kwamba mboga za kienyeji ambazo wanafunzi walikuwa wameanza kuzionea aibu, kama mtsunga wenye uchungu, tsalakushe, kisamvu na majani ya kunde, zilikuwa na thamani kubwa kuliko kabichi iliyosafirishwa kutoka bara, na kwamba bibi wa Kigiriama aliyeziuza kwa mafungu alijua kuzipunguza uchungu na kuzilainisha kwa tui la nazi kuliko kitabu chochote. Ilibainika pia kwamba dagaa na omena, vinavyodharauliwa kuwa chakula cha wasio na kitu, vinastahili kutajwa darasani kwa heshima. Utafiti uliofanywa katika shule 12 za Embu kati ya mwaka 1998 na 2000 ulionyesha kwamba watoto walioongezewa nyama kidogo ndani ya githeri walipata maendeleo makubwa zaidi katika majaribio ya kufikiri kuliko walioongezewa maziwa au githeri tupu. Samaki wadogo si nyama ya ng'ombe, lakini nao ni chakula cha asili ya wanyama chenye protini, madini ya chuma na zinki, na ndicho mkazi wa Kisumu Ndogo anachoweza kukinunua kwa kikombe.

Jambo la pili lililojifunzwa, na pengine ndilo zito kuliko yote, ni kwamba njaa ya mtaa huu ina kalenda yake, ambayo vitabu vya kilimo haviitaji. Vitabu huzungumzia mavuno na kiangazi, na ni sawa kwa Ganze na Magarini, maeneo ya mashambani ya kaunti hii, ambako ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023 uliua mifugo na kukausha mashamba kiasi kwamba Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Kisumu Ndogo hainunui chakula kwa mavuno. Hununua kwa ujira wa siku. Wageni wa Malindi hupungua kuanzia Aprili, hoteli nyingi hufunga au hubakiza wafanyakazi wachache hadi katikati ya mwaka, mvua za masika husimamisha kazi za ujenzi, na upepo wa kusi huchafua bahari hata mashua ndogo zikashindwa kutoka na samaki wakapanda bei. Haya yote hukutana katika majuma yale yale ambamo muhula wa pili wa shule huanza. Mwalimu aliyepangiwa kufundisha mlo kamili mwezi wa Mei hufundisha mbele ya watoto ambao baba zao wameachishwa kazi juma lililopita, na asipolijua hilo maneno yake huwa mzigo juu ya mzigo. Walimu walipoelewa kalenda hii walihamisha somo la kuhifadhi chakula, kwa mfano kukausha embe na mboga, likaja msimu wa maembe mengi kabla ya dhiki kufika, na mwezi wa Mei wakautumia kufundisha namna ya kupata lishe bora kwa pesa kidogo, jambo ambalo wazazi wenyewe walikuja kulisikiliza. Kadhalika, somo la kupika na kuonja likiangukia Ramadhani, liliahirishwa au likafanywa kwa maelezo tu, kwa kuwa mwanafunzi aliyefunga hapaswi kulazimika kuchagua kati ya ibada yake na somo lake.

Kuhusu namna ya kuuliza, walimu walifundishana jambo ambalo halimo katika mwongozo wowote wa semina. Swali la kawaida la kufungulia somo, linalomtaka kila mtoto aseme alikula nini asubuhi, linaonekana halina madhara, na bado katika darasa la Kisumu Ndogo ni swali linaloumiza: aliyekula husema kwa sauti, asiyekula hubuni mayai na mkate, na aliyekula kiporo cha sima hutazama chini. Hapo elimu ya lishe hugeuka kuwa mahakama ya umaskini wa wazazi. Walimu walikubaliana kuuliza badala yake ni vyakula gani vimeonekana sokoni, au kumpa kila mtoto jina la chakula na kumwomba atafute wenzake wa kuunda naye sahani moja, hivi kwamba maarifa yale yale yakapatikana bila mtoto kufichuliwa. Mwalimu aliyehisi kwamba mwanafunzi fulani hajala alikuwa na njia ya faragha ya kumsaidia. Heshima hii ndogo iliwafanya wazazi waache kulishuku somo hili, kwani baadhi yao walikuwa wakidhani shule inawapeleleza jikoni mwao.

Wauzaji wa langoni nao wanastahili kutajwa kwa kirefu kuliko inavyofanywa kwa kawaida, kwa sababu wao ndio jiko halisi la shule nyingi za mjini. Mpango wa chakula cha serikali umelenga zaidi maeneo kame na nusu kame ya mashambani, ambako pure ya mahindi na maharagwe huwavuta watoto shuleni, huku shule za binafsi za ada ndogo zilizo mitaani, ambazo hupokea watoto wa maskini kwa wingi, zikibaki mara nyingi nje ya mpango huo. Mtoto wa Kisumu Ndogo basi hula kwa mama wa viazi karai. Kuna shule moja iliyowafukuza wauzaji wote kwa jina la afya. Watoto wakaanza kuruka ukuta au kushinda na njaa, na akina mama wakakosa riziki. Njia iliyofaa ilikuwa kuwaita akina mama hao ndani, pamoja na afisa wa afya ya umma na mhamasishaji wa afya ya jamii, ambaye ni mkazi aliyefunzwa kutembelea nyumba za jirani zake na ambaye, tangu serikali ilipowapa vifaa wahamasishaji zaidi ya 100,000 nchini mwaka 2023, hubeba mkoba wenye vipimo vya msingi. Walizungumza kuhusu cheti cha afya cha wapishi, mafuta yanayorudiwa mara nyingi, kufunika chakula, na uwezekano wa kuongeza maharagwe ya kuchemsha, ndizi na mahindi katika meza zao. Si kila muuzaji alibadilika, lakini waliobadilika walilisha watoto wengi kila siku kuliko mradi wowote uliowahi kupita mtaani, na mwalimu akapata watu wa kuliendeleza somo lake nje ya ukuta.

Pale ambapo mwalimu amesaidiwa vizuri, matokeo yapo na yanaweza kuonyeshwa. Mpango wa kitaifa wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo, ulioimarishwa kuanzia mwaka 2012 na kuyafikia maeneo ya Pwani, umewategemea walimu kutoa kidonge cha albendazoli kwa mamilioni ya watoto, na walimu, ambao si wauguzi, wameifanya kazi hiyo kwa ufanisi mwaka baada ya mwaka. Sababu zake hazina siri: kazi ilikuwa moja na dhahiri, mafunzo yalikuwa mafupi na ya vitendo, dawa na fomu zilifika kabla ya siku yenyewe, na baadaye mtu alikuja kuchukua hesabu. Katika Kaunti jirani ya Kwale, utafiti ulioanza mwaka 2010 katika shule 101 uliwapa walimu wa darasa la kwanza mipango ya masomo ya kusoma na kuandika, pamoja na ujumbe mfupi wa simu kila juma wa kuwakumbusha na kuwatia moyo; watoto wao walisoma vizuri zaidi na wachache zaidi wakaacha shule, ilhali upande wa pili wa utafiti huo, uliohusu kuwapima watoto malaria na kuwatibu shuleni, haukuonyesha manufaa yaliyotarajiwa kwa afya wala usikivu wao. Somo lililohusika lilikuwa kusoma, si chakula, lakini kilichomsaidia mwalimu kinaweza kuhamishwa: sauti ya mtu inayorudi kila juma. Walimu wa Kisumu Ndogo walipoanzisha kikundi chao cha simu, wakatumiana picha za mboga, maswali ya wazazi na majibu ya muuguzi wa zahanati, woga wa kulifundisha somo hili ulipungua kuliko ulivyowahi kupungua kwa semina.

Maji yanahitaji maneno machache tu. Hakuna mwalimu anayeweza kufundisha kunawa mikono mahali ambapo hakuna maji, na Malindi, ingawa huletewa maji kutoka Baricho kando ya mto Sabaki, ina mitaa ambamo mifereji hukauka kwa siku kadhaa na mitungi ya lita 20 huuzwa kwa mkokoteni. Shule zilipofunguliwa tena Januari 2021 baada ya kufungwa kwa sababu ya UVIKO-19, sehemu za kunawia zilijaa katika kila lango. Nyingi zimekauka tangu hapo. Zilizodumu ni zile ambazo wanafunzi wenyewe walipewa zamu ya kuzijaza na shule ikatenga pesa za sabuni katika bajeti yake.

Linabaki suala ambalo watunga sera huliepuka, yaani hali ya mwalimu mwenyewe. Walimu wa chekechea huajiriwa na kaunti, wa shule za msingi za umma huajiriwa na Tume ya Huduma ya Walimu, wengine hulipwa kidogo na bodi za shule, na wa shule ndogo za binafsi hutegemea ada ambazo mwezi wa Mei hazilipwi. Mwalimu anayeshinda kwa chai ya rangi hadi jioni anapotakiwa kuhubiri mlo kamili hufanya kazi ngumu kuliko inavyoandikwa katika ripoti, na mojawapo ya mambo yaliyoleta nguvu mpya Kisumu Ndogo lilikuwa shule chache kukubali kwamba chungu kikiwekwa mekoni kwa ajili ya watoto, mwalimu naye apakuliwe na ale pamoja nao, huku akifundisha kwa kula. Japani ililiona jambo hili mapema: mwaka 2005 ilitunga sheria ya elimu ya chakula na kuanzisha cheo cha walimu wa lishe, ambao husimamia chakula cha mchana cha shule na kukitumia kama somo. Kenya haina uwezo wa kuweka mwalimu wa namna hiyo kila shule kwa sasa, lakini inaweza kumpa angalau mwalimu mmoja katika kila shule muda unaotambuliwa katika ratiba, mwongozo unaotaja vyakula vya eneo lake, na haki ya kula.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi na huduma ya afya, na Kenya imekwisha kuahidi mbele ya mataifa kwamba ifikapo mwaka 2030 kila mwanafunzi atapata chakula shuleni. Ahadi hizo zitapita mikononi mwa walimu wale wale. Kwa hiyo Wizara ya Elimu, Serikali ya Kaunti ya Kilifi na mashirika yanayofadhili semina za Malindi yanaombwa kuzigawa fedha za semina ijayo sehemu mbili, moja ya kuwaita walimu, na nyingine ya kumtuma mtu awafuate madarasani katika kila muhula, akianzia ule wa pili, wakati hoteli zimefungwa na bahari imechafuka.